Kumuuliza Muntu Mukubwa kwa Kiingereza

Jumatatu, 4 Juni 1956

Bila mi, pamba ya muji wetu wa Baraka haifiki Bulaya. Bantu habapendi kulisema, lakini ni kweli. Leo tena nilikuwa kwenye mizani toka jua kutoka. Gunia linakuja, mi nalitundika kwa ndoano, muzungu anasoma namba, gunia linaenda. Muzungu anasoma tu. Mi ndiye najua kama gunia limetulia ama bado linacheza, na gunia lenye kucheza halisomeki. Basi mashati ya Bulaya yote iko juu ya mikono yangu. Hata Gavana, shati lake limepita kwangu.

Jioni nilikaa kwa barza ya Asumani, mushona nguo. Cherehani inapiga kelele, bantu banapiga kelele kuishinda. Habari ni moja. Mamzeli mupya wa misheni, yule muuguzi aliyevuka ziwa kutoka Kigoma, anatafuta mabinti batatu wa kufundisha kazi ya kuzalisha bamama. Kiswahili hajui. Kifaransa chake ni kibaya kuliko changu. Atafundisha kwa Kiingereza. Na kila binti lazima aweze kumuuliza mugonjwa kwa Kiingereza, ili Mamzeli asikie: we ni nani, mutoto huyu ni wa nani, unaumwa nini. Ekzame, ule mutihani, ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilisimama. Nilisema nafasi ya kwanza ni ya Esta wetu, kwa sababu Baraka nzima Kiingereza kiko kwa muntu moja, na muntu huyo anaitwa Simoni. Mi nilikaa Kigoma. Mi nilikula na Bangereza.

Asumani akasema, "Ulikula nabo, ao ulikula kisha bo kushiba?"

Balicheka bote. Yule hajui kitu. Shati alilonishonea, mukono moja unafika kwa kidole, mwingine unaishia kwa kiwiko.

Jumanne, 5 Juni

Esta ni binti ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Yaya anakaa Fizi, kule juu mulimani. Mwaka jana alinitumia huyu mutoto asome hapa chini kwa misheni. Hamu yake ya kuzalisha haikutoka kwa kitabu. Dada yake alishikwa na uchungu njiani, balipokuwa banatelemuka toka Fizi, pale penye mawe. Esta peke yake alimupokea mutoto kwa kikwembe alichojifunga kiunoni. Toka siku ile hazungumuzi jambo lingine.

Yaya ametuma neno. Kama Mamzeli hamuchukui, Esta anapanda Fizi kuolewa. Mwanaume iko tayari, mwenye shamba kubwa la muhogo. Esta anasema yule ana shamba tu, basi.

Mwalimu Elia wa misheni alipita. Kijana mupole, anaongea kama muntu anayeogopa kuamusha mugonjwa. "Muzee Simoni, niko na kitabu kidogo cha Kiingereza. Nikikubaliwa, nitamusaidia Esta."

Nilimwambia asante, akasaidie bale bengine. Nyumba hii haina shida ya Kiingereza.

Alhamisi, 7 Juni

Somo la kwanza. Neno la kuuliza muntu, Bangereza banaandika who. Mi naandika hu, vile mudomo unasema. Ile herufi nyingine baliiweka ya urembo tu. Hu ni nani. Wati ni nini. Hayo mawili nayajua kabisa.

Esta akauliza, "Na 'ya nani' banasemaje? Na 'gani'?"

Nikamupa habari ya mamba wa Kigoma aliyemeza gunia la chumvi, akatoka majini, akafika mupaka kwenye mulango wa muzungu kuomba maji ya kunywa. Hadithi nzuri. Mi ndiye nilimupa kikombe. Esta akangoja mupaka mwisho.

"Baba mudogo, na 'ya nani'?"

Mutoto mubishi. Nikasema hiyo ni ya kesho.

Nimekasirika. Kuna huzi na kuna huichi. Moja ni "ya nani," moja ni "gani." Lakini ipi ni ipi? Nilizisikia zote pale gatini Kigoma kila siku. Lakini zilikuja na kelele, na mi gunia liko mugongoni. Muntu aliyebeba gunia hasikilizi neno, anasikiliza hasira iliyo ndani ya neno.

Jumapili, 10 Juni

Nimepata jibu. Nilipata katikati ya mahubiri. Maneno si kitu. Kitu ni heshima.

Kwetu mutoto hamurushii mukubwa swali usoni. Mutoto akimwambia mama muzima "we ni nani," hayo ni matusi, ni kama kumwambia hana bantu kwao. Unaanza na habari. Ya nyumba, ya shamba, ya mbuzi, ya mvua. Halafu unabahatisha, na unakosea kwa makusudi. Unataka kujua ametoka wapi? Sema, "Mama, mumetembea sana, kutoka Mboko." Yeye atacheka: "Mboko gani! Mi wa Makobola." Umeshapata. Unataka kujua batoto yake? Taja bengi, atapunguza. Unataka kujua bwana yake? Museme vibaya kidogo, atamutetea kwa jina na kwa ukoo. Bibi yangu alijua habari ya kila nyumba toka ziwa mupaka mulima, na hakuna muntu aliyewahi kuulizwa naye hata swali.

Nikamufundisha Esta kuyasema hayo kwa Kiingereza. Hapo sikushindwa. Yu a mama, we ni mama. Yu a Mboko. Hakuna hu, hakuna huzi. Lilitoka kama maji.

Muke wangu, Mama Riziki, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ya kwetu. Na Mamzeli ni wa kwetu?"

Nikamwambia aangalie sombe yake.

Jumatano, 13 Juni

Joto. Vumbi la pamba mupaka ndani ya meno. Muzungu alinifokea juu ya gunia lililoanguka. Ndoano ndiyo mbaya, si mi.

Elia alirudi na kitabu chake. Nilimukuta kwenye kiwanja, Esta ananyoosha shingo kukiangalia. Nilimufukuza. Nilimwambia katika nyumba yangu mi ndiye mwalimu. Aliinama, akaenda. Angenitukana ningejisikia vizuri.

Esta hakumaliza bugali yake.

Ijumaa, 15 Juni

Kesho. Nimebaambia bote kwenye mizani. Nimesema hata Mamzeli mwenyewe atatoka pale amejifunza.



Jumamosi, 16 Juni

Siku mbaya.

Dispanseri, ile zahanati ya misheni, ilijaa mupaka inje. Mi nilipata nafasi dirishani, Asumani yuko nyuma yangu na sindano zake bado kwenye kola. Mamzeli alijifunga kitenge kichwani, akakaa kwa benchi ya bagonjwa, akashika tumbo kama mama mwenye mimba. Bantu balipenda. Mabinti ya kwanza baliingia moja moja, bakasimama, bakauliza kwa kutetemeka. Hu. Wati. Sauti ndogo kama za vifaranga. Nilibaonea huruma.

Esta akaingia. Akapiga goti vizuri. Akatoa habari ya nyumba, ya shamba, ya mbuzi, ya mvua, kwa Kiingereza. Mamzeli akatikisa kichwa, akangoja. Esta akamwambia: we unatoka Mboko. Mamzeli akangoja. Esta akamwambia: we una batoto kumi. Mamzeli hana mutoto, hana bwana. Akafungua macho. Kwetu mama angecheka na kupunguza. Yeye hakupunguza. Esta akaona hasahihishwi, akaongeza. Bwana yako ni mulevi. Anakupiga. We ni muzee sana.

Inje bantu balianguka kwa kicheko. Mamzeli alisema kwa upole kitu kimoja, tena na tena. Hata mi nilielewa: uliza, uliza. Esta akafungua mudomo. Jasho lilimutoka puani. Akageuka, akaniangalia pale dirishani.

Bantu bakanisukuma. "Sema, Muingereza! Mufasirie Mamzeli!" Mamzeli naye aliniangalia, akaniuliza jambo. Nilimujibu neno la Kiingereza, la heshima. Akanishukuru kwa kichwa. Nikatoka dirishani, nikaenda.

Mabinti bawili bamechukuliwa. Esta hayumo.

Jumapili, 17 Juni

Sikuenda ibada. Mugongo.

Esta anapika, anaweka chakula, anatoka. Hajalia. Ningependa alie.

Elia alileta neno la Mamzeli, alisimama mbali na mulango kwa kukumbuka nilivyomufukuza. Nafasi moja imebaki. Esta anaweza kurudi Jumamosi inayokuja. Mara ya mwisho.

Mamzeli amekosea, naandika hapa. Muntu anaingia inchi ya bantu bila kujua namna ya kuulizwa. Si kosa langu.

Jumatatu, 18 Juni

Jioni nilimukuta Esta nyuma ya nyumba ya Elia, na muke wa Elia pembeni, na kile kitabu katikati. Hakuniomba ruhusa. Hakunidanganya pia. Nilisimama pale na maneno mengi mazuri ya kumufokea.

Akasema tu, "Baba mudogo, huzi ni 'ya nani.' Huichi ni 'gani.' "

Nilisema najua. Nikarudi nyumbani.

Nina hasira na Elia, na kitabu, na Asumani ambaye leo alinisalimia kwa Kiingereza cha uongo mbele ya bateja bake. Hasira kubwa zaidi sijui ni ya nani. Huzi.

Jumatano, 20 Juni

Yaya amefika kutoka Fizi. Alisikia. Mulimani habari inapanda haraka kuliko gari ya posta. Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na hakutaka kunawa kwanza.

Yeye ni mukubwa kwangu, ana haki ya kuuliza bila kuzunguka. Akaiuliza mbele ya muke wangu. "Nani alimufundisha kumwambia muzungu bwana yake ni mulevi?"

Nikasema mila ni mila.

"Sikukuuliza mila. Nimeuliza nani."

Nikasema mi.

Akala, akasema Jumamosi muchana anapanda na binti yake, isipokuwa Mamzeli amesema ndiyo. Nilijaribu kumupa habari ya mamba. Alisema aliisikia, ila mwaka ule mamba alikuwa amemeza sukari.

Alhamisi, 21 Juni

Maneno Esta anayo sasa. Yote. Anayasema kwa ukuta, kwa mbuzi, kwa chungu. Anamuuliza mbuzi ni wa nani kwa Kiingereza safi. Lakini akiwekewa muntu mukubwa mbele, shingo inainama na mudomo unafungwa. Elia alijaribu. Elia ni mwalimu wake, naye ni muntu muzima. Alipomwangalia tu, Esta akaanza habari ya shamba. Mi nilimufungia huo mudomo, na nilifunga vizuri.

Mama Riziki akasema, "Anahitaji mukubwa akae, Esta amutukane mupaka azoee."

Yaya alikataa. Binti yake amuulize baba yake "we ni nani"? Afe kwanza. Asumani tulimupitia. Akasema yeye ana heshima yake, na cherehani haiwezi kumungojea. Muke wangu akasema mwanamuke hafai, Esta amezoea bamama, anayemuogopa ni mwenye sauti kubwa.

Bote bakaniangalia mi.

Nimesema nitafikiri. Hakuna cha kufikiri. Baraka nzima itapita pale njiani na kuona mutoto ananiuliza mi ni nani.

Ijumaa, 22 Juni

Nilikubali kwa sababu mugongo unauma na nilitaka kukaa.

Kiti kiliwekwa kiwanjani, si ndani. Elia alisema dispanseri ina madirisha na bantu, basi azoee bantu. Balikuja. Asumani alikuja, cherehani ikamungojea vizuri tu. Yaya alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, amekunja mikono.

Esta alisimama mbele yangu. Akaanza, "Habari ya nyumba..." Nikapiga kiti kwa kofi. "Hapana!" Akaanza tena na mbuzi. "Hapana! Niulize mi!" Machozi yakamujaa. Mara nyingi hivyo. Jua lilikuwa linanipiga usoni. Nilichoka na nikasema kwa sauti niliyoisikia mi mwenyewe vibaya, "Esta, ukiniheshimu leo, kesho unaenda kulima muhogo."

Akainua kichwa. Akaniangalia ndani ya macho, jambo hajafanya toka aje kwangu.

"Hu a yu?"

Iliniuma kama pilipili kwenye jicho. Nyuma bamama bakasema "ee!" kwa pamoja. Nilikuwa na majibu mengi. Mi ni muntu wa mizani. Mi ni rafiki wa Bangereza. Mi ndiye nilimunywesha mamba. Lakini alinitaka kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni kidogo, uongo hauna pa kukaa ndani yake. Nikasema, mi Simoni.

Nyumba hii ni ya nani? Nikasema ya misheni, mi nimepanga tu. Kazi yako ni nini? Natundika magunia. Bantu balikuwa habaelewi, lakini Elia alielewa, na aliangalia chini kwa adabu. Esta hakuangalia chini. Sauti imemutoka. Anauliza, anauliza tena, anakwenda mbele. Unaumwa nini? Mugongo. Toka lini, upande gani kati ya pande mbili, nani alikupa dawa. Mupaka jua likashuka nyuma ya mulima, na mi nimebaki kama gunia tupu, na yeye hajachoka.

Yaya akasimama akapita karibu yangu. Aliweka mukono kwenye bega langu, lile la upande unaouma, akaenda kunawa miguu.

Jumamosi, 23 Juni

Sikuenda dirishani. Nilikuwa kwenye mizani. Gunia, ndoano, namba. Muzungu aliuliza kwa nini leo siongei.

Mama Riziki alikuja mbio, kikwembe kinafunguka. Sikumungojea aseme, nilijua kwa miguu yake. Esta alimuuliza Mamzeli yote, mupaka Mamzeli akasahau kujifanya mugonjwa. Mwisho Esta akauliza swali ambalo halikuwa kwa kitabu: nani atamushika mukono mama kama bote tunaandika? Mamzeli akavua kitenge kichwani, akamufunga nacho Esta.

Gunia likaniponyoka. Muzungu akafoka. Sikusikia neno, na safari hii hata hasira sikuisikia.

Jumapili, 24 Juni

Esta amehamia misheni na sanduku lake. Yaya amepanda Fizi peke yake. Yule mwenye shamba atatafuta mwingine. Asubuhi nyumba ilikuwa kimya, mupaka nikaenda kumusikiliza mbuzi.

Kabla ya kutoka, Esta alipiga goti kunisalimia, akauliza habari ya mugongo, ya mizani, ya mvua, kwa kirefu, kwa namna ya kwetu. Halafu akasema, "Baba mudogo, mumelala vibaya, mumelala juu ya mawe." Nikacheka, nikasema hapana, nimelala vizuri. Akapata alichotaka.

Kwa barza banauliza bado nilimwambia Mamzeli nini siku ile dirishani. Nimebaambia ni maneno mazito, hayafasiriki. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Aliniuliza, nadhani, kama mi ni baba ya huyu binti. Kigoma hakuna aliyewahi kuningoja nijibu zaidi ya jambo moja, na hilo moja ndilo lilitoka. Nilisema "Yesi, sa." Sa ni bwana, ni mwanaume. Kwa Mamzeli. Na aliponishukuru, nilisema tena.